Nusu Milimita

Kilomita laki moja na elfu themanini na sita,
na mita yenyewe ilikufa Bunda, ikalala miezi minne,
kwa hiyo sema laki na tisini, tusigombane.

Nilimwita Mbiti. Kwetu Magu mbiti ni fisi,
na mwanamke aonekanaye juu ya fisi
huitwa nini, mnajua wenyewe. Walinisema hadi wakachoka.
Miaka ishirini na miwili nimempanda mchana kweupe
kukagua mizani: za pamba Maswa, za dagaa Igombe,
na kila likizo, bila kazi wala sababu,
kulizunguka ziwa lote: Sirari, Kisumu, Jinja,
Masaka, Bukoba, nirudi kwa kivuko cha Kamanga
na vumbi la nchi tatu masikioni.

Daftari la oili halina siri.
Mwaka wa kwanza, hata tone.
Kisha nusu lita, Bukoba kwenda na kurudi.
Kisha nusu lita, Biharamulo tu.
Machi hii, lita nzima kabla ya Lamadi,
na kijana wa bodaboda nyuma yangu akapaza sauti:
"Mama, unachoma mkaa?"

Nikampeleka Mabatini kwa fundi Lushinge,
mtu asiyesema neno akiwa na spana mkononi.
Akachomoa plagi: nyeusi, imelowa, mbegu ya papai.
Akafunga geji, akabonyeza stata;
mshale ukapanda kivivu, ukakaa njiani
kama mtu aliyeombwa mchango.
"Huyu anapumua kwa mdomo," akasema.

Kesho yake silinda ilikuwa juu ya gunia.
Akanishika kidole, akakipitisha ndani,
juu kabisa, pale ringi zinapokoma kupanda.
Kuna kingo. Kiduchu.
Ukucha unaijua, jicho haliioni.
Akaiweka ringi ya zamani, akapima mwanya wake
kwa vijembe vya chuma, kimoja baada ya kingine.
"Nusu milimita, na ushee."

Nusu milimita!
Mimi niliyefungia mizani za watu kwa gramu hamsini,
nikagonga lakiri, nikakataa soda na sangara wa kufungashiwa.
Nusu milimita imeliwa na nani?
Mchanga, mwaka ule chujio la hewa lilipopasuka
nikaliziba kwa soksi nikaendelea.
Mlima wa Kyaka, na mizigo, gia ya nne, kwa ubishi.
Na asubuhi zile za Julai nilizomwasha na kuondoka papo hapo,
oili bado imelala chini,
kwa kuwa nyumbani nimegombana na mtu ambaye simtaji.
Hizo peke yake, robo.

"Kuchonga hatuwezi tena," alisema Lushinge.
"Wameshachonga mara mbili, ukuta umebaki ngozi.
Silivu mpya ipo Nairobi, bei yake ng'ombe wawili.
Au ringi tu, tuikwaruze kidogo zipate kushika.
Utakwenda elfu thelathini, labda. Siahidi."
Nikasema ringi.
Akaniangalia nikiinuka kwenye kigoda.
"Na hayo magoti?"
"Nayo siahidi."

Kilomita mia tano za kwanza, usizidi hamsini.
Usimkimbize. Usimbembeleze mno pia.
Kwa hiyo leo, kutoka Nyegezi kwenda Usagara,
mkaguzi mstaafu na fisi wake wanapitwa na kila kiumbe:
bodaboda, lori la mapanki na harufu yake yote,
na pale mteremkoni, naapa,
baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa,
ambayo mwenyewe aligeuka akanipa pole.

Kigongo, daraja likajitandaza mbele,
pale tulipokuwa tukisubiri pantoni tukitafuna mahindi.
Nikasimama. Nikamwacha angurume kidogo.
Nikazunguka nyuma, nikachuchumaa, magoti yakalia,
nikaweka kiganja mbele ya ekzosi
nikahesabu hadi ishirini.
Nikakitazama kwenye jua.
Kikavu. Karibu kikavu.

Nikafungua daftari, nikaandika:
Kilomita thelathini na tatu.
Oili: haijapungua.
Mwendo: aibu tupu.